Umeme Hupimwa Ukiwa Kazini

Baiskeli ya umeme ikiletwa kwa fundi huyu wa betri pale Mwanga, Kigoma, hafungui kitu kwanza. Huishika betri kwa mikono miwili ikiwa ingali kwenye kitako chake, akaitikisa taratibu, mbele na nyuma, juu na chini, ameitegea sikio. Ya leo inagonga. Mwenyewe, kijana anayepandisha dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, anaeleza shida yake.

"Mzee, kwenye tambarare inakwenda vizuri. Nikianza mlima na mzigo, inazima. Nikisubiri kidogo inawaka tena. Nimeambiwa betri imekufa."

"Aliyekwambia aliipima?"

Kijana ananyamaza. Fundi anavua pete na saa, anaviweka kwenye kopo, kwa sababu chuma kikigusa pini mbili za betri ya lithiamu hugeuka moto papo hapo.

Ujuzi wake ameuchuma kwenye taa za wavuvi. Karabai zilipoanza kuzipisha taa za betri katika uvuvi wa dagaa wa usiku, ndiye aliyeletewa waya zilizoliwa na kutu. Hata sasa, mbalamwezi ikitanda na mitumbwi ikipumzika, meza yake hujaa. Betri nyingi za mitumbwi ni za risasi na tindikali, volti 12. Ya baiskeli hii ni ya volti 36: ndani yake mna seli nyembamba, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, katika makundi 10 yaliyoungwa kwa mfululizo. Ikijaa hufika volti 42. Ikikaribia 31, kontrola huikatia mota umeme ili seli zisife.

Anaichomoa betri na kupima pini zake. Mita inaonyesha 40.6. Kijana anatabasamu, fundi hajaridhika. Betri iliyopumzika haisemi mengi. Anatoa ubao wenye taa tatu za mbele za gari, kila moja volti 12 na wati 55, amezifunga kwa mfululizo. Anazigusisha kwenye pini za betri yenyewe. Taa zinawaka, mita inashuka hadi 39.7 na kutulia. Haondoi macho. Anaziacha ziwake muda mrefu, kila mara akiweka mgongo wa kiganja kwenye ganda la betri kutafuta joto. Hakuna.

Sasa anairudisha betri kwenye kitako na kupima upya, safari hii kwenye waya zinazoelekea kwenye kontrola, taa zikiwaka. Zimesomeka 37.2.

Hapo ndipo niliposogeza kigoda karibu. Volti mbili na nusu zimepotea katika nafasi isiyozidi upana wa kidole. Kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inasema upotevu huo hukua kadiri mkondo unavyokua. Mlimani mota hula mara tatu ya taa hizi. Zitapotea saba na ushei. Betri ina karibu 38, kontrola inaona 30, inazima. Kijana akipumzika mkondo unakoma, volti zinarudi, naye anadhani betri imepata nafuu.

Anaichomoa betri. Kabla ya kugusa kitako anaunganisha taa moja kwenye waya za kontrola ili imalize chaji iliyobaki humo. Kisha anamulika. Plastiki imegeuka kahawia kuzunguka pini chanya. Chini yake kuna boksi lililokunjwa: betri hii ilinunuliwa baadaye, ni nyembamba kuliko kitako, na boksi limeshabonyea. Kila shimo la barabarani pini zimekuwa zikiachana na kurushiana cheche.

Pini hasi anaisugua kwa msasa laini, anaipangusa kwa spiriti. Chanya imeshapoteza mbano wake kwa joto. Anatafuta nyingine ya upana uleule kwenye kopo la vitako vilivyokufa. Anaipasha pini, kisha waya, ndipo anagusisha lehemu, nayo inatiririka yenyewe. Hatikisi mkono mpaka mng'ao wake utulie.

Kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote ni ya mpira. Alikata vipande vya tyubu ya baiskeli na kuvilaza kwenye reli. Kimoja, betri ikacheza. Viwili, kufuli ikakataa kuingia. Fundi mwingine angeisukuma kwa kiganja. Yeye alikitoa cha pili, akakisugua juu ya jiwe, akajaribu, akakisugua tena, akajaribu, hadi betri ilipoingia kwa uzito wake na kufuli ikalia mara moja. Ndipo akapaka gundi. Mtikisiko sasa unabebwa na mpira. Pini zimebakiwa na umeme tu.

Taa tatu, baada ya kitako: 39.6.

Kijana akapakia mzigo, akateremka hadi stesheni, ile iliyofikiwa na Reli ya Kati mwaka 1914, akapanda tena hadi Mwanga bila kuzimikiwa. Fundi aliichomoa betri akagusa pini chanya. Haikuwa na joto.

Nawe ukiambiwa betri yako imekufa, kabla hujatoa pesa ya nyingine mwombe fundi aipime ikiwa kazini: kwenye pini zake kwanza, kisha baada ya kitako.