Kiingereza cha Gredi ya 1 na risiti ya majani chai

Septemba 1965, katika mji mdogo wa Saint-Lambert karibu na Montreal, wazazi wanaozungumza Kiingereza walifanikiwa kuibana bodi ya shule mpaka ikafungua darasa la chekechea lenye mwalimu wa kuzungumza Kifaransa tu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ripoti ya tume ya elimu ya Ominde ilikuwa imeunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia Kenya nzima tangu darasa la kwanza. Pande zote mbili zilimtumbukiza mtoto katika lugha asiyoijua. Mpango wa Saint-Lambert ukaigwa kote Kanada. Wetu ulikuwa umeregea kufikia 1976, ripoti ya Gachathi ilipoamua kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule.

Wapo wanaosema Kifaransa kilifaulu kwa sababu kule kuna pesa. Pesa zilisaidia, sikatai. Lakini ukisoma jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa, unaona mambo mawili ambayo hayakuhitaji pesa nyingi.

La kwanza ni shughuli za darasani. Watoto wa Saint-Lambert waliimba, walichora, walifinyanga, walicheza, na mwalimu akataja kila kitu kwa Kifaransa huku mikono yao ikikishika. Mtoto aliyetaka kujibu kwa Kiingereza hakukatazwa. Alieleweka, na mwalimu akaendelea kwa Kifaransa. La pili ni nyumbani. Wazazi hawakuambiwa wazungumze Kifaransa. Walizungumza na kusoma na watoto wao kwa Kiingereza, na kuanzia darasa la pili shule nayo ikaleta masomo ya Kiingereza. Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia watoto hao na kuchapisha matokeo mwaka 1972: mwanzoni walibaki nyuma katika kusoma Kiingereza, kisha wakawafikia wenzao, na Kifaransa wakawa nacho. Lugha ya pili iliongezwa juu ya ile ya kwanza bila kuing'oa.

Kenya haikukosa ujuzi wa shughuli. Mpango ulioitwa New Primary Approach (NPA) ulizaliwa katika Kituo Maalum cha Nairobi mwaka 1957, ukajaribiwa kwanza katika shule za Waasia, ambako darasa moja lingeweza kuwa na watoto wa Kigujarati na wa Kipunjabi. Watoto walikaa kwa vikundi, walishika vitu, walisimuliana habari za jana. Mpango ulipopelekwa haraka mashambani, kwa walimu ambao hawakupewa mafunzo yake kikamilifu, shughuli zilipukutika njiani na Kiingereza kikabaki peke yake. Mahali pa kucheza duka pakachukuliwa na kukariri kwa sauti moja. Nyumbani hapakukumbukwa hata kidogo. Pengine palikumbukwa vibaya, maana shule nyingi zilikuwa na ile diski anayovishwa mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama yake.

Sasa twende Kericho na Bomet, ambako jambo hili lina sura mbili. Katika mashamba makubwa ya chai ya kampuni, yaliyoanzishwa miaka ya 1920, wafanyakazi wametoka Gusii, Nyanza na Magharibi, na makambini wamechanganyika na Wakipsigis. Lugha ya eneo huko ni Kiswahili, na mwalimu ana ahueni. Lakini ukishuka Konoin au ukizunguka Litein kwa wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vya chai vya KTDA, mtoto anaingia chekechea (PP1) akiwa na Kipsigis tu. Kwake Kiswahili nacho ni kigeni, jambo ambalo wapangaji wa Nairobi husahau.

Hebu tazama anakumbana na nini. Kipsigis hakitofautishi maana kwa p na b, t na d, wala k na g. Kwa hiyo "pata" na "bata" zinaweza kumfikia mtoto kama neno moja, na atasomewa mara mia bila kuona tofauti mpaka mtu amwonyeshe midomo. Upande wa pili, lugha yake ina irabu kumi, fupi na ndefu, ilhali maandishi yanazibebesha herufi tano. Ndiyo maana kusoma Kipsigis si mteremko kama wanaoitetea lugha ya mama wanavyodai. Katika majaribio ya usomaji ya PRIMR yaliyoanza 2011, shule zilizotumia Kikamba na Kibukusu ziliwainua watoto katika kusoma lugha hizo, lakini hazikuwapa faida ya ziada katika Kiingereza na Kiswahili. Programu ya Tusome iliyofuata, kuanzia 2015, ikashikilia Kiingereza na Kiswahili: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo wa somo kwa mwalimu, na afisa wa mitaala anayepita na tableti. Kwa kusomesha herufi, Tusome ilikuwa kazi safi. Kwa habari ya nyumbani, ilisema machache.

Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza nchi nzima kwa gredi za chini Januari 2019, ulikuja na neno "shughuli" katika majina ya masomo yenyewe na ukamtaka mzazi ashiriki. Mzazi akaletewa kazi za kuchapisha picha kwenye saiba na kununua manila, akalalamika, na alikuwa na haki. Mchumaji anayengojea lori la kiwanda kwenye kituo cha kununulia majani hadi jioni hana nafasi ya kutafuta picha ya twiga.

Kosa liko katika aina ya kazi. Mzazi anaombwa kitu asicho nacho wakati alicho nacho kipo mfukoni: risiti ya kilo. Mizani za KTDA hutoa karatasi yenye tarehe na uzito. Mtoto aipeleke Jumatatu, wenzake wa kikundi walinganishe kilo, wajumlishe za wiki, kwanza kwa Kipsigis walichohesabia nyumbani, kisha mwalimu awape maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza juu ya namba zilezile. Jioni nyanya asimulie hadithi kwa lugha yake. Asubuhi mtoto aichore kwa picha tatu, na Kiingereza kianze kwa kutaja alichochora mwenyewe.

Linalonitia shaka ni mwalimu. Kazi hii inataka mtu anayesikia lugha zote tatu, na Tume ya Huduma za Walimu ilipoanza mwaka 2018 kuwahamishia walimu nje ya kaunti zao, kuanzia na walimu wakuu, ilipima mambo mengi ya utawala. Iwapo mwalimu wa Gredi ya 1 anaelewa Kipsigis halikuwa mojawapo, na hakuna kitabu cha mwongozo kinachoweza kuziba pengo hilo.