Usalama wa Maji, kwa Tafsiri ya Nani?

Nchi za Bonde la Mto Nile ziligombea sentensi moja kwa miaka. Ipo katika Ibara ya 14(b) ya Mkataba wa Ushirikiano uliofunguliwa kwa saini mjini Entebbe Mei 2010. Nchi za juu ya mto zilitaka isemwe kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa mwenzake. Misri na Sudan zilitaka kuchomeka maneno machache zaidi: matumizi ya sasa, pamoja na haki. Mwafaka haukupatikana. Sentensi ikahamishiwa kwenye kiambatisho, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 bila nchi hizo mbili.

Mimi nimeusoma kama tunavyosoma hadithi darasani, neno kwa neno, na neno lililonikwamisha ni hilo dogo, "sasa". Sasa ya lini? Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji ya Nile: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Ethiopia, inakotoka sehemu kubwa ya maji hayo, haikupewa hata tone. Kwa hiyo anayesema "matumizi ya sasa" anasimamisha saa ya ukutani, halafu anatutaka wote tuitazame.

Nyuma yake kuna barua za 1929 kati ya Misri na Uingereza. Humo, ujenzi wa umwagiliaji au umeme unaoweza kupunguza maji ya Misri, kwenye mto au maziwa yaliyo chini ya utawala wa Waingereza, ulihitaji kwanza ridhaa ya Misri. Tanganyika imo kama mahali tu. Haina kauli. Serikali ya Nyerere ilipotangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na makubaliano hayo, iliuliza swali ambalo mhakiki yeyote angeliuliza: anayezungumza humu ni nani, na kwa niaba ya nani? Bila swali lile, sidhani kama mradi ulioanza 2004 wa kupeleka maji ya Ziwa Viktoria Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele, Misungwi, ungeanza kwa ujasiri ule.

Ila ushindi huo umetulevya kidogo. Makala zetu nyingi kuhusu Nile bado zinapigana vita ya 1962: haki yetu, mgawo wetu, Misri inasemaje. Ziwa lenyewe halionekani.

Tazama hilo neno "usalama wa maji". Mwambie mama anayechota ziwani Misungwi, atakuelewa mara moja: maji yasiyoleta kichocho wala kipindupindu. Wanadiplomasia wanamaanisha kitu kingine, yaani nchi kuwa na hakika ya kupata maji yake. Mtafsiri aliyelitumia kwa maana hiyo ametupa, bila kukusudia, uhakiki mzuri kuliko wowote niliousoma juu ya mkataba huu. Maana ya huyo mama nayo imo ndani, tena wazi: kuna ibara inayozitaka nchi zilinde ubora wa maji, zihifadhi ardhi oevu, zizuie viumbe wageni wanaodhuru ikolojia. Hiyo haikugombewa na yeyote, kwa hiyo haisomwi na yeyote.

(Tukiwa hapohapo: bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa na kampuni za Misri. Rufiji haupeleki hata ndoo moja Nile. Urafiki wa mabwawa hunoga zaidi mto ukiwa wa kuelekea kwingine.)

Magugu maji yalionekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hayakuuliza nani alisaini nini. Yanaziba mialo, yanakamata mitumbwi. Kenya, ambayo Ghuba yake ya Winam imesongwa nayo mara kwa mara, ilisaini mkataba mwaka 2010, lakini ulipoanza kutumika ilikuwa bado haijauridhia.

Sentensi ya 14(b) itarudi. Tume ya Bonde ikishaundwa, imepewa miezi sita kuimaliza. Kwa magugu, mkataba haukuweka tarehe.