Ngoma Matangani: Taashira na Usimulizi katika "Dunia Mbaya" ya Princess Jully

Utangulizi

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hapa Rodi Kopany, zoezi la fasihi simulizi. Swali lenyewe halikuwa gumu: "Taja wimbo unaoujua, kisha ueleze jinsi uchezaji wake unavyochangia ujumbe." Majibu mengi yalihusu wanamuziki wa Korea Kusini ambao vijana huwatazama kwenye simu. Machache yalihusu nyimbo za injili. Jibu moja tu lilihusu wimbo wa hapa kwetu, nao ni "Dunia Mbaya" wa Princess Jully. Msichana aliyeliandika alisema, pamoja na mambo mengine, kwamba nyanya yake akiusikia wimbo huo redioni huinuka akaucheza huku analia. Niliipigia sentensi hiyo mstari kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Hoja inajipinga." Sikumpa alama.

Makala haya ni masahihisho ya masahihisho yangu. Yananuia kuonyesha kwamba hoja ya mwanafunzi yule haikujipinga hata kidogo, na kwamba sisi walimu ndio tuliozoea kuhakiki nusu ya wimbo. Tunanakili maneno ubaoni, tunatafuta takriri, tashbihi na istiari, kisha tunafunga daftari. Mwili wa fanani, ala, ukumbi na hadhira tunaviacha nje ya mlango wa darasa, ilhali tunafundisha kila mwaka kwamba fasihi simulizi huishi katika utendaji.

Mpanda farasi asiye na farasi

Kwanza tuwatendee haki wale waliochagua Korea, maana mfano wao unatufaa. Mwimbaji Psy alitoa wimbo "Gangnam Style" mwaka 2012, na kufikia Desemba mwaka huo video yake ilikuwa ya kwanza kutazamwa mara bilioni 1 katika YouTube. Gangnam ni wilaya ya matajiri jijini Seoul. Katika ngoma hiyo Psy anacheza kama mpanda farasi: mikono imeshika hatamu, miguu inarukaruka, lakini farasi mwenyewe hayupo. Mwanzoni mwa video anaonekana amejinyoosha kama aliye ufuoni mwa bahari, kumbe yumo katika uwanja wa michezo ya watoto.

Mtazamaji asiyejua hata neno moja la Kikorea anaweza kuisoma taashira hiyo. Anayejifanya tajiri amepanda hewa. Tashtiti ya wimbo haimo katika maneno peke yake. Imo magotini mwa mchezaji. Hata hivyo, mamilioni ya watu waliuiga uchezaji huo katika arusi na sherehe za shule bila kutambua kwamba walikuwa wakicheza dhihaka. Tulishike jambo hili, kwa sababu tutalirejelea: ngoma inaweza kubeba maana, na hadhira ikaicheza ngoma na kuiacha maana.

Swali linalofuata ni hili. Ikiwa mwanafunzi wetu anaweza kuusoma mwili wa msanii wa Seoul, nini kinamzuia kuusoma mwili wa msanii aliyetoka Migori, mwendo mfupi tu kutoka hapa?

Jina kama vazi

Princess Jully, ambaye jina lake halisi ni Lilian Auma, aliaga dunia Oktoba 2024. Mumewe, Prince Jully, aliiongoza bendi ya benga iliyoitwa Jolly Boys. Prince Jully alipofariki mwaka 1997, mjane wake alishika uongozi wa bendi hiyo, na mwishoni mwa miaka ya tisini wimbo "Dunia Mbaya", unaoonya kuhusu Ukimwi, ukavuma nchini kote.

Mhakiki aanze na jina. Kabla fanani hajafungua kinywa, jina lake limekwisha kusimulia kisa. Katika desturi za Waluo, mjane aliweza kuvaa koti la marehemu mumewe wakati wa maombolezo, na kila aliyemwona akajua kilichotokea. Jina la Princess Jully linafanya kazi ya koti hilo. Ni jina la mume lililokatwa likashonwa upya kwa kimo cha mke. Mtu hawezi kulitamka bila kumkumbuka asiyekuwapo. Fauka ya hayo, bendi yenye jina la "wavulana wachangamfu" ikawa inaongozwa na mwanamke aliyefiwa. Kinaya hicho hakikuandikwa na mtunzi yeyote. Kililetwa na mauti, naye fanani akakiacha kisimame jukwaani kila usiku.

Hapa pana hatari ambayo watahiniwa wengi huangukia. Nafsineni katika wimbo si lazima awe msanii mwenyewe. Haifai kuandika kwamba wimbo unaeleza jinsi fulani alivyofariki au alivyougua. Mhakiki hana idhini ya kuufanya wimbo kuwa cheti cha kifo. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hadhira ilimjua aliyesimama mbele yake kuwa mjane, na ujuzi huo ukawa sehemu ya utendaji.

Uzito wa neno "dunia"

Ili kuupima uzito wa kichwa cha wimbo, sharti tuukumbuke wakati wake. Serikali ya Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma mwaka 2006. Wimbo huu basi ulizaliwa wakati ambapo kuugua kulikuwa sawa na kuhukumiwa. Katika maeneo yetu haya ya Homa Bay na Migori, yaliyoathirika kuliko mengi nchini, ugonjwa ulizungumzwa kwa mafumbo. Wengine walisema ni chira, yaani adhabu impatayo mtu aliyevunja miiko, mwili ukakonda hadi ukaisha. Tasfida zilizagaa kila mahali, na makaburi yakazidi kuongezeka nyuani.

Katika mazingira hayo fanani analishika neno "dunia". Neno hili lina historia ndefu katika fasihi ya Kiswahili. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake dhidi ya hadaa za dunia, akitumia magofu ya Pate kama ushahidi. Iwe Princess Jully alikusudia au la, neno alilolichagua lilikuwa na mwangwi huo. Aidha, ni neno la Kiswahili katika kinywa cha mwimbaji wa benga ya Kiluo. Uteuzi huo wa lugha uliutoa msiba katika boma moja na kuufikisha Nairobi, Mombasa na kwingineko.

Hata hivyo, mhakiki mwadilifu auone pia udhaifu. Kusema dunia ndiyo mbaya ni kumwondolea lawama mtu mahususi. Dunia haina jina, haina nyumba wala haina mke. Je, si tasfida nyingine hiyo? Naona ni tasfida, ila inatofautiana na chira. Chira humtenga mgonjwa, kwamba amekosa peke yake na anaadhibiwa peke yake. Dunia hututia sote ndani. Kwa kulirudiarudia neno hilo, fanani anaubadilisha msiba wa mmoja kuwa msiba wa wote. Takriri hapa haitumiwi kwa ajili ya mahadhi tu. Kila mrudio ni kama kifo kingine kinachotangazwa.

Neno linapokoma, mwili huanza

Muundo wa benga unajulikana. Kwanza sauti huimba na gitaa la solo huijibu, kisha sauti hutua, gitaa likashika kasi, na wachezaji wakajitosa. Upigaji wa gitaa hilo umeathiriwa na nyatiti, ala ya nyuzi 8 ya Waluo. Mpiga nyatiti huketi, huimba, hupiga nyuzi kwa vidole, huku njuga za gara zikilia mguuni na pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ala yenyewe. Kwa hiyo katika jadi ambayo benga imeirithi, mwili haufuati muziki. Mwili wenyewe ni mojawapo ya ala.

Tukiutazama "Dunia Mbaya" kwa jicho hilo, tunaona usimulizi wa hatua mbili. Sehemu ya maneno inasimulia kilichotokea na kuonya. Sehemu ya kilele, ambapo gitaa hutawala, inasimulia kinachofuata baada ya kutokea. Princess Jully alijulikana kwa unenguaji wake wa nguvu, na wapo waliouona kuwa utovu wa adabu: mjane gani huyu anayekata kiuno baada ya kuimba habari za mauti? Swali hilo ndilo ufunguo. Katika kipindi ambacho mwili wa binadamu ulikuwa umekuwa chanzo cha hofu, na mjane akitazamwa kama aliyebeba kifo nguoni, mwanamke alisimama mbele ya umati na kuuonyesha mwili wake ungali unatembea. Kiuno kinachozunguka ni taashira ya uhai uliobaki. Maneno yalisema dunia inaua, na mwili ukajibu kwamba haujamaliza.

Kufukuza mauti kwa miguu

Wengine watasema ninampa fanani maana nisizoweza kuzithibitisha. Basi tuangalie chimbuko. Waluo wana miviga ya mazishi iitwayo tero buru, ambayo hufanywa mwanamume mtu mzima anapofariki. Vijana huwaswaga ng'ombe, hushika mikuki na ngao, huimba na kukimbia hadi nje ya boma, wakipigana na adui asiyeonekana. Adui huyo ni mauti, naye hufukuzwa kwa vumbi na kelele. Mgeni anayetazama kutoka barabarani anaweza kudhani ni sherehe. Mwenyeji anajua ni kilio kilichopewa miguu.

Kwa mintarafu hii, kucheza mbele ya kifo si jambo lililoletwa na spika za umeme. Kwa kawaida tunafundisha kwamba mbolezi huimbwa kwa huzuni na kwa mwendo wa polepole. Ufafanuzi huo unazifaa baadhi ya jamii, lakini ukitumiwa bila uangalifu unaitupa nje tero buru yote. Wimbo wa Princess Jully ni mbolezi kwa maudhui, ni wimbo wa kuonya kwa dhamira, na ni wa kuchezwa kwa utendaji. Mtahiniwa asiogope kusema hivyo, mradi atoe sababu.

Je, hadhira ilisikia?

Hapa ndipo tunaporejea kwa mpanda farasi wa Psy. Vijijini mwetu kuna disko matanga, ngoma za usiku katika nyumba ya msiba, ambazo mara kwa mara wakuu wa utawala wamezipiga marufuku kwa kuhusishwa na mimba za mapema na maambukizi. Nimewahi kuusikia "Dunia Mbaya" ukipigwa katika matanga ya namna hiyo. Vijana walicheza onyo gizani, palepale ambapo onyo lilihitajika zaidi. Hicho ni kinaya kikali, na mhakiki asikifiche.

Lakini kosa la hadhira haliondoi maana ya matini. Na hadhira haikuwa moja. Kando ya vijana waliketi wanawake wenye umri wa nyanya wa mwanafunzi wangu, waliozika watoto wao na kuwalea wajukuu. Hao waliusikia wimbo wote, maneno na kilele. Anapoinuka nyanya huyo mbele ya redio yake, machozi ni jibu lake kwa sehemu ya kwanza ya wimbo, na miguu ni jibu lake kwa sehemu ya pili. Hajipingi. Ameuelewa wimbo kuliko mwalimu wa mjukuu wake.

Nasaha kwa mtahiniwa

Unapohakiki wimbo wa aina hii katika mtihani, usitosheke na kuorodhesha tamathali. Jiulize: fanani ni nani, na hadhira inajua nini kumhusu? Mwili unafanya nini maneno yanapokoma? Je, uchezaji unakubaliana na maneno, unayapinga, au unayakamilisha? Wimbo unatendwa katika ukumbi gani, na ukumbi huo unabadilisha nini? Kisha toa mfano mahususi. Ukisema "uchezaji unaburudisha" na kuishia hapo, hujahakiki. Ukieleza ni nani anayeburudika, ni nani anayelia, na kwa nini wanafanya hivyo kwa wimbo mmoja, umehakiki.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, tusiwakataze wanafunzi kuandika kuhusu Korea. Tuwaombe tu walete pia kile wanachokisikia nyumbani, na wakikileta, tusikifute kwa kalamu nyekundu kabla hatujakisoma. Nilimwita yule msichana ofisini nikamrudishia karatasi yake. Nilikuwa nimekata neno "inajipinga" na kumwongezea alama mbili. Aliitazama karatasi, akaniuliza kwa upole kama angeweza kuipeleka nyumbani akamsomee nyanya.

Maswali ya kudurusu

1. "Mbolezi si lazima iwe ya polepole." Jadili kwa kurejelea miviga ya mazishi katika jamii yako.
2. Eleza tofauti kati ya fanani na nafsineni, kisha uonyeshe hatari ya kuwachanganya.
3. Chagua wimbo wowote unaochezwa. Fafanua jambo moja ambalo uchezaji unalisema na maneno hayalisemi.