Pongezi kwa Waosha Magari

Gari lililotelekezwa miezi chini ya mwembe halitaki pupa. Kijana anayeitwa nyumbani kulisafisha huanzia ndani: hutoa kapeti na kuzikung'uta, hufyonza mchanga kwenye reli za viti, husugua ukungu kwenye mikanda. Kisha huacha milango wazi, maana unyevu ukibaki, harufu hurudi. Nje hutanguliza maji matupu; akisugua vumbi likiwa kavu, litakwaruza rangi. Kinyesi cha ndege na utomvu huvilowesha, havikwangui. Magurudumu yana ndoo yake na kitambaa chake. Jua likikaza, hulisukuma gari kivulini ili sabuni isikaukie kwenye bodi. Siku nzima ameinama. Ukimlipa, usimpunje.