Hongera, wafuga bata wa Kindu

Ukipita nyuma ya nyumba za Kindu, upande wowote wa mto Lualaba, huenda ukamkuta bata wa kienyeji: mzito, mwenye vinundu vyekundu usoni, asiyejua makelele. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, ambako wenyeji walimfuga kabla Wazungu hawajafika. Leo ni wetu kabisa.

Sifa zangu ni kwa mama zetu wanaomtunza. Kuku huatamia siku 21, bata huyu yapata siku 35. Siku zote hizo jike hulalia mayai kwenye manyoya aliyojinyonyoa kifuani, na mwenye nyumba ndiye anayemwekea maji karibu, anayefukuza mbwa, anayehakikisha mvua ya Maniema haifiki kiotani. Kazi hiyo haina mshahara. Chakula ni pumba za mpunga, majani, mabaki ya jikoni. Wadudu anajitafutia mwenyewe, nzi wakiwemo. Ugonjwa wa kideri ukiingia mtaani unafagia kuku banda zima, lakini bata kwa kawaida hubaki wamesimama. Familia nyingi zimelipa karo kwa bata hao, na mimi nauona ufugaji huu kuwa benki ya kweli ya mnyonge.

Wataalamu wa mifugo wa jimbo, wanapoleta kuku wa kisasa, wawaulize kwanza mama hawa. Nawe msomaji, usichinje majike yako yote sikukuu ikifika. Bakiza mazuri ya mbegu.