Fadhila ya Kushuku

Katika kazi zote za fundi umeme hapana hata moja inayofichikana kwa mwenye nyumba kama kazi ya ethi. Kwa kuwa taa huwaka ethi ikiwapo na huwaka isipokuwapo, pasi hupata moto, redio husema, friji hugandisha, na waya ule wa kijani na manjano ulioshuka ukutani ukaingia ardhini waweza kukaa miaka kumi umekatika pasiwe na mtu wa kuuulizia habari zake. Ndiyo sababu nimekusudia kuisifu kazi hii, na hasa kumsifu fundi ajuaye kuichunguza pale inapoharibika. Na sifa nitakayompa si ya wepesi wa mikono wala ya wingi wa elimu, ijapokuwa vyote viwili vinamfaa, bali ni ya kushuku, yaani ile tabia ya kutoikubali dalili njema mpaka ipate ithibati.

Mifano yangu naitoa Newala na Masasi, wala sikuzichagua kwa kubahatisha, maana sehemu mbili hizi, zilizo jirani, humjaribu fundi kwa njia mbili zisizofanana. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, juu ya bonde la Ruvuma, katika mchanga mzito unaoimeza mvua mara inapoanguka, hata juu ya uwanda wenyewe hapana mto unaopita. Zamani watu walishuka bondeni kuteka maji wakayapandisha kichwani, mpaka ulipoanzishwa, katika miaka ya 1950, mradi wa maji wa Makonde wa kuyasukuma kwa mashine. Masasi iko chini, upande wa magharibi, baina ya vilima vya mawe matupu ambavyo Askofu Edward Steere alivikuta mwaka 1876 alipowafikisha huko watu waliokombolewa utumwani ili wajenge makazi mapya. Nao wanajiolojia vilima vya jinsi hiyo huviita kwa jina la Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka nchi hizi akaandika habari zake mwaka 1900. Kwa msafiri hayo ni mandhari. Kwa fundi ni hesabu. Newala fimbo ya ethi huzama kwa nyundo chache lakini haikuti unyevu; Masasi yamkini unyevu upo, lakini fimbo haijafika nusu ya urefu wake ila imegonga mwamba, na hapo asiye mwaminifu huikata kwa msumeno, akakifukia kipande kilichobaki, akaondoka na ujira wake.

Shirika la umeme huleta nyaya mbili hadi kwenye mita, fezi na nyutro, zenye volti 230 baina yao. Waya wa tatu mwenye nyumba hutakiwa kuutafuta ndani ya udongo wake mwenyewe. Hapo ndipo udongo unapokuwa sehemu ya wayaringi. Fimbo ya mita moja na nusu, ikisimama katika udongo mzuri wenye unyevunyevu, hupata ukinzani wa omu 60 hivi; fimbo iyo hiyo katika mchanga mkavu hufika omu 600 au kupita. Sasa fezi ikigusa chuma cha friji iliyofungwa kwenye fimbo hiyo ya pili, umeme utakaokimbilia ardhini haufiki hata nusu ya ampea, ilhali breka ya ampea 20 huhitaji kiasi cha ampea 100 ili ianguke papo hapo. Breka haina habari, friji inaendelea kugandisha, na chuma chake kinamngoja mtoto atokaye kuoga. Dawa yake ni ile swichi inayoitwa kwa herufi tatu, RCD, ambayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikakata pindi tofauti inapofikia sehemu 30 katika elfu za ampea. Hiyo hufanya kazi hata kwa fimbo dhaifu, maadamu ipo, na maadamu hakuna aliyeipita pembeni kwa kuchoshwa na kuanguka kwake.

Dalili ya kwanza ya kushukiwa ni majira. Fedha za korosho huingia baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Oktoba, nazo ndizo zinazoezeka mabati na kuvuta umeme. Basi nyumba nyingi hufungwa wayaringi wakati mvua zinapokaribia au zimekwisha kuanza, na fimbo hupimwa Januari, udongo umelowa, kipimo kikapendeza. Fundi mwenye hadhari hukipokea kipimo cha Januari kama ahadi tu, kisha hurudi mwishoni mwa kiangazi kudai malipo yake. Huzima swichi kuu, huifungua fimbo kutoka kwenye waya wa nyumba ili isisaidiwe na kitu kingine, huchomeka kijiti cha chuma mita 30 mbele yake na cha pili baina yao, kiasi cha mita 18 au 19 kutoka kwenye fimbo. Husoma, kisha hukisogeza kile cha kati mita mbili huku, akasoma, na mita mbili kule, akasoma. Namba tatu zikipatana, amepata ukweli. Zikitofautiana, vijiti vimekaribiana mno, naye huanza upya. Na kwa kuwa mchanga wa Newala mwezi huo hauna hata jasho, huomba maji kidogo, katika mji ambamo ndoo ya maji ina bei, akayamimina kwenye vijiti viwili vya kupimia. Lakini juu ya fimbo yenyewe hamwagi hata tone. Mwenye kuimwagia fimbo maji kabla ya kuipima hudanganya kwa chombo kisichosema uongo.

Dalili ya pili ni taa ya majaribio. Mafundi wengi hufunga balbu baina ya fezi na ethi, ikiwaka vizuri wakasema ethi ni nzima. Lakini balbu ya wati 100 haivuti hata nusu ya ampea, nayo ikifungwa kwenye fimbo ya omu 100 itawaka kiasi cha kumridhisha kila mtazamaji, ingawa fimbo hiyo, fezi ikiigusa, haipitishi zaidi ya ampea mbili na kitu. Taa hiyo imethibitisha kuwa waya haukukatika. Zaidi ya hapo haikusema neno.

Nimemwona fundi mmoja kijana kazini, katika nyumba ya bibi mmoja iliyoezekwa upya, ambaye kamba yake ya kuanikia nguo ilikuwa ya waya, imefungwa upande mmoja kwenye mwembe na upande wa pili kwenye ncha ya bati. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Kamba yangu inapiga shoti, lakini si siku zote. Mvua ikinyesha inapiga, jua likiwaka inanyamaza." Kijana hakugusa chombo. Aliuliza kwanza lini ilianza, akajibiwa tangu bati jipya. Akauliza ni nani aliyegongelea, akajibiwa ni fundi seremala. Ndipo alipozima swichi kuu, akatoa balbu zote na kuchomoa vyombo, akapima nyaya kwa mega yenye kusukuma volti 500, dhidi ya ethi: zote nzima. Fundi wa haraka angalifunga mkoba hapo. Yeye alijua kwamba paa lile halikuunganishwa na ethi, hivyo kosa la paa halingeweza kujitokeza katika kipimo cha ethi. Akakihamisha kibanio, akapima nyaya dhidi ya bati lenyewe. Mshale bado ulisimama juu. Akaomba kikombe cha maji na ngazi, akawa anamimina kidogo kidogo juu ya misumari ya bati, mmoja baada ya mmoja, huku mwenziwe akiutazama mshale. Walipofika msumari mmoja karibu na ukingo, mshale ukaanguka. Msumari ulikuwa umepenya bati na papi, ukakwaruza ubavu wa kebo iliyopita chini yake. Siku za jua mkwaruzo ulikuwa mkavu, siku za mvua maji yaliteremka kwa msumari yakaunganisha fezi na paa zima.

Alibadilisha kebo akaihamisha mbali na mstari wa misumari, na hapo tena hakuona kuwa amemaliza. Aliyafunga mabati kwa waya wa ethi, pamoja na sinki na bomba la chuma, kwa kanuni iliyo nyepesi kutamkwa na nzito ikisahauliwa: vyuma viwili ambavyo mtu aweza kuvishika kwa wakati mmoja visiwe na volti baina yao. Kwa muungano huo, na kwa RCD, msumari mwingine ukija kukosea njia, umeme utakatika kabla ya bibi kufika kwenye kamba.

Yako makosa mengine yasiyouma mkono bali huuma mfuko. Mtu hulalamika kwamba mita yake ya luku inakula yuniti usiku na mchana, akailaumu mita au jirani. Kumbe kipashio cha maji kimepasuka, nacho kwenye fimbo ya omu 100 kinavujisha ampea 2.3 mfululizo, ambazo kwa saa 24 ni zaidi ya yuniti 12, na breka haikutikisika. Mita ya kubana, ikizungushiwa nyaya zote mbili kwa pamoja, hulifichua jambo hilo kwa dakika moja, kwa sababu umeme uendao na urudio hufutana, na kinachosalia ndicho kinachopotelea mchangani. Kadhalika iko RCD inayoanguka hata breka zote zikiwa zimezimwa, jambo linalowashangaza wengi. Kumbe breka za kawaida hukata fezi peke yake, na nyutro iliyogusa ethi mahali fulani hubaki imeshikamana. Mjuzi huzitoa nyutro moja moja kwenye mhimili wake mpaka apate ile yenye hatia. Mvivu huipita RCD pembeni na kuiacha nyutro imegusa ethi, shida ikatoweka, hata siku nyutro ya nguzoni ikikatika, kila chuma ndani ya nyumba kikageuka fezi.

Fundi wa kweli, basi, ni kama kadhi asiyetosheka na shahidi mmoja, hata akiwa shahidi mwenye sauti nzuri. Nayo tabia hiyo yafaa kusifiwa zaidi leo kuliko jana, kwa kuwa tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007 nguzo zimefika vijiji ambavyo hapo awali havikuwa na umeme wala fundi wake, na nyumba nyingi zimepata nyaya mbili za shirika kabla hazijapata waya wa tatu wa haki. Leseni za mafundi hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na leseni ni jambo jema. Walakini leseni humwambia mwenye nyumba kwamba fundi aliwahi kujua, haimwambii kwamba leo ameshuku. Hilo mwenye nyumba aweza kulitafuta mwenyewe, bila elimu yoyote ya umeme: asiulize kama taa zinawaka, kwa maana hilo analiona, aulize fimbo yake ina omu ngapi, na zilipimwa mwezi gani. Fundi atakayejibu kwa namba na kwa jina la mwezi wa kiangazi, alipwe bila kupunguziwa.