Setilaiti Iliyopita Angani mwa Jericho

Kuanzia Desemba 1970 hadi Machi 1973, mara 14 hivi kwa siku, chombo cha kilo 140 kilikatiza anga ya mitaa ya Jericho, Makadara na Kaloleni jijini Nairobi, zaidi ya kilomita 500 juu. Kiliitwa Uhuru, kwa kuwa kilirushwa Desemba 12, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu: kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota.

Njia hiyo ya kupita juu yetu ilichaguliwa kwa hesabu. Hewa hunyonya eksirei zote za angani, kwa hiyo wanasayansi walitegemea roketi zilizopanda na kuanguka baada ya dakika chache. Timu ya mwanasayansi Riccardo Giacconi ilitaka kuchunguza kwa miezi. Tatizo ni eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka na kuvuruga vipimo. Chombo kilichorushwa kutoka Florida hulipitia tena na tena. Kikirushwa ikweta kuelekea mashariki, hulikwepa karibu lote. Waitaliano tayari walikuwa na jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Ndio waliorusha roketi ya Kimarekani, Scout.

Chombo chenyewe kinanivutia zaidi. Hakikuwa na kioo wala lenzi. Kilikuwa na seti mbili za vihesabio vya gesi zilizopeana mgongo, moja ikifinya upana wa anga hadi nusu digrii, nyingine digrii tano, kama anayetazama matatu zikipita kupitia ufa wa geti. Kilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12 hivi. Chanzo cha eksirei kikipita mbele ya ufa, hesabu hupanda kisha hushuka, na wakati wa kilele ndio unaoonyesha mahali kilipo. Ukipunguza kasi ya mzunguko, chanzo kinakaa machoni zaidi. Utaratibu huo ndio uliozaa ugunduzi mkubwa: Centaurus X-3 ilionekana ikipiga mapigo kila sekunde 4.8, na kutoweka kwa vipindi kila baada ya siku 2.1. Ilikuwa nyota ya nutroni ikivuta gesi ya nyota mwenzake, na kujificha nyuma yake.

Orodha ya mwisho ya Uhuru, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.